Mifuko ya uyoga imegeuka kijani, na mimi mwenyewe nakohoa

MamaNekesa (Mumias) ameuliza:

Hamjambo nyote. Mimi ni fundi cherehani, kilimo nimekiingilia uzeeni, kwa hiyo nikiuliza la kijinga mnistahi.

Agosti mwaka jana mtoto wa dada yangu, ambaye alikuwa amekaa Juja wiki moja akifundishwa mambo ya uyoga, alinianzishia uyoga wa oista, ule unaoota kama masikio. Simba ya kijana wangu mkubwa, yaani kile kijumba chake cha ujana, ilikuwa imekaa bure tangu ahamie Ruiru. Ni nyumba ya udongo, mabati juu, dirisha moja dogo ambalo nililiziba kwa gunia ili unyevu usitoke. Tukafunga fito juu, tukaning'iniza mifuko 30 ya mabua ya ngano. Siku ya ishirini na kitu mifuko yote ilikuwa myeupe kama imejazwa maziwa mala, na baada ya hapo nilivuna mpaka nikachoka kugawa. Walimu wa shule jirani walinunua, mwenye hoteli mmoja pale stendi alinunua, na mzee wangu, ambaye kwake mboga ni kuku, alikula akaomba tena.

Oktoba tukaongeza mifuko 30 mingine, mabua yale yale ya ngano, mambo yakaendelea vizuri.

Januari ndiyo iliyonimaliza. Kijana karudi chuoni, mabua ya ngano yanatoka mbali na mwenye lori kapandisha nauli. Nikajiambia, mimi nakaa katikati ya miwa, ya nini kununua nyasi za watu wa Eldoret? Nikachukua makapi ya miwa kwenye rundo lililokaa nje sijui tangu lini, dereva wa trekta akanishushia trela nzima kwa shilingi 500. Nikayachanganya na pumba za mahindi, nyingi kidogo, ili uyoga unenepe. Nikachemsha kwenye pipa saa moja na nusu hivi, kuni zikaisha. Giza lilikuwa linaingia, nikajaza mifuko makapi yakiwa bado na uvuguvugu. Mifuko 40, kilo tatu za mbegu.

Siku ya sita madoa meupe yakatokea. Nikafurahi, nikamwambia mzee mbegu inatembea. Siku ya nane madoa yakawa kijani. Si kijani cha majani, ni kile kilichokolea cha sare ya shule ya msingi ya hapa kwetu, na ukiutikisa mfuko unaona kama unga ndani ya nailoni. Leo mifuko 31 imeharibika, 9 bado myeupe. Mama mkwe anasema ni jicho, kwa kuwa nilikuwa nahesabu pesa barazani. Aliyeniuzia mbegu anasema ni uchafu wa mikono yangu.

Sasa la pili, ambalo ndilo linaninyima usingizi. Tangu Novemba nina kikohozi kikavu. Mchana niko sawa, jioni natetemeka, mwili unauma, kifua kinabana kama nimefungwa leso mbichi. Nimepimwa malaria mara tatu, hakuna, na mara mbili nikapewa dawa yake hivyo hivyo. Makohozi yakapimwa TB, hakuna. Desemba nilikwenda matanga ya shangazi yangu Butere, nikalala huko siku nne kwenye vumbi na moshi wa kuni, na nikapona kabisa! Nikarudi Jumapili, Jumatatu asubuhi nikavuna, jioni ile ile nikaanza tena. Majirani wanasema hicho kijani kimeniingia mapafuni. Lakini nikihesabu miezi, kikohozi kilitangulia, kijani kikafuata.

Naomba kujua: mifuko inaokolewa au nitupe? Uyoga wa ile mifuko 9 unalika? Na kikohozi hiki ni cha nini?


Wafula_Webuye amejibu:

Pole mama. Usitupe kitu. Mimi hufungua mfuko, natia klorini ya maji kwenye chupa ya kupulizia, napuliza juu ya kijani, kinaisha hapo hapo unaona kwa macho. Kuhusu jicho, mama mkwe asikilizwe lakini asiachiwe ufunguo wa simba.


ShoshoWaNjoro amejibu:

Wafula mwanangu, klorini inaondoa rangi. Ile kuvu yenyewe iko chini, nyuzi zake nyeupe zimeshatambaa kwenye makapi, na baada ya siku tatu utakuwa unapuliza tena. Na ukifungua mfuko wa kijani ndani ya nyumba umeshapanda mifuko ya mwezi ujao.

Mama Nekesa, pole. Nimekusoma mara mbili, mara ya pili na miwani. Nilikuwa fundi wa maabara miaka 31, sehemu kubwa hapa Njoro kwenye utafiti wa ngano, na tangu nistaafu nina chumba cha mifuko 200 nyuma ya jikoni. Kwa hiyo nitasema sana.

Hicho kijani kinaitwa Trichoderma. Ni kuvu kama uyoga ulivyo kuvu, inakaa kwenye udongo wa shamba lako, wangu na wa mchungaji. Tena kuna wakulima wanainunua dukani, imefungwa kwenye pakiti, wanaiweka kwenye miche ili izuie kuoza kwa mizizi, kwa sababu kazi yake mojawapo ni kula kuvu wenzake. Inajizungusha kwenye nyuzi za mwenzake na kumla. Kwenye nyanya ni askari, kwenye uyoga ni mwizi. Mama mkwe umwambie jicho lipo ila halina kope.

Imeingiaje? Umetuambia mwenyewe, hata hukujua unatuambia. Makapi yaliyolala nje yalikuwa na wenyeji tayari. Na makapi ya miwa yana sukari iliyobaki, hiyo kuvu inaifikia kabla uyoga haujaamka. Wapo wanaotumia makapi ya miwa na wanavuna vizuri sana, lakini huchukua mapya, huyaloweka na kuyamwagia maji mpaka utamu upungue, na huyakausha kama hawatayatumia siku hiyo. Halafu ukaongeza pumba. Pumba ni chakula kitamu, uyoga unazipenda, lakini Trichoderma inazipenda zaidi na ina mbio. Anayechemsha kwenye pipa la kijijini aache pumba kabisa, au atie konzi tu. Wenye mitungi ya mvuke wa shinikizo ndio wanaoweza kujidekeza.

Sasa pipa. Hapa ndipo watu wengi huanguka na hawajui wameangukia wapi. Saa moja na nusu uliihesabu kuanzia lini? Nina hakika ni tangu uwashe kiberiti. Mimi naweka matofali chini ya pipa, maji yanafika usawa wa matofali, juu yake fito, juu ya fito magunia ya mabua yaliyolowekwa usiku kucha na kuchujwa. Nafunika kwa majani ya mgomba na gunia zito, nakandamiza kwa jiwe. Nawasha. Kisha nangoja mvuke utoke juu kwa nguvu, uwe unaunguza mkono, na hapo ndipo ninapoangalia saa. Kutoka hapo ni muda wa saa tatu kamili, moto usilegee. Kuni naziweka zote kando kabla ya kuanza, maana ukienda kuazima kuni katikati, moto umezimika na joto limeshuka, na kuvu zilizokuwa zimezirai zimezinduka.

Likiisha, usifunue. Acha lilale. Asubuhi chukua konzi ya mabua, weka sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono kama unavyopima uji wa mtoto. Ukihisi joto, bado. Mbegu ya uyoga ni kitu hai juu ya punje za mtama, ukiitia kwenye makapi ya moto umeipika, na maiti ya mbegu ni karamu ya Trichoderma. Kisha kamua ile konzi kwa nguvu. Matone mawili matatu, sawa. Yakitiririka, kausha kwanza. Chokaa pia inasaidia, kilo moja hadi mbili kwa kilo mia za mabua makavu, kwa sababu hicho kijani hupenda palipo na uchachu.

Aliyekuuzia mbegu naye asijitoe haraka hivyo. Mbegu nzuri ni nyeupe tupu, inanuka uyoga mbichi. Ikiwa na maji ya njano chini ya chupa, au harufu ya chachu, mrudishie. Je, uliitazama?

Niwaambie kitu kuhusu mikono. Kazini kwangu tulikuwa tunapanda ugonjwa. Ndiyo, kupanda. Kuna kutu ya ngano inayokula shina, ambayo mwaka 1998 ilionekana Uganda ikiwa imeshinda kinga ambayo dunia nzima iliitegemea, mwaka uliofuata wakaipa jina Ug99. Basi kuanzia 2005 mbegu za ngano zikawa zinaletwa Njoro kutoka nchi nyingi, zinapandwa kwa mistari, maelfu kwa msimu, na katikati yake tunapanda mistari ya ngano dhaifu tunayoiambukiza makusudi ili isambaze. Inayosimama inarudi kwao kuzalishwa, inayoanguka tunaandika imeanguka. Msimu ukikolea ukipitisha kidole gumba kwenye shina kinatoka chekundu kama umeshika murram. Suruali inakuwa nyekundu kuanzia goti kwenda chini. Ndani ya wekundu huo wa kidole kimoja kuna vijimbegu vingi kuliko utakavyohesabu maisha yako yote, na kila kimoja kinasubiri upepo. Tangu siku zile sijawahi kuingia mahali penye kitu kizima nikitoka kwenye kitu kigonjwa kwa nguo zile zile. Binti zangu wananicheka, naanza kulisha vifaranga kabla ya kuku wakubwa.

Kwa hiyo ukiingia simba, anza na mifuko mipya, maliza na ya zamani, na usirudi nyuma. Hiyo 31 iloweshe kwa maji kwa nje ili vumbi lisiruke, itie ndani ya magunia bila kuifungua, itoe alfajiri kabla upepo haujaamka, uichimbie mbali. Toa na yale mahindi, maana nina hakika kuna gunia la mahindi humo ndani, kila simba tupu ina gunia la mahindi. Kuta zipake chokaa. Acha nyumba wazi wiki mbili, dirisha bila gunia.

Ile 9 ikibaki myeupe mpaka mwisho, kula. Mfuko wowote wenye kijani hata ukubwa wa kucha, usile uyoga wake.

Kuhusu kifua sitasema mengi, kuna wenye kazi yao humu. Ila fanya hivi usiku wa leo: kata kofia moja ya uyoga uliokomaa, iweke juu ya karatasi nyeusi upande wa mistari ukiwa chini, funika na bakuli. Asubuhi funua. Halafu uangalie dirisha lako lililozibwa.


Nyarkisumo_muuguzi amejibu:

Shosho umenitangulia pazuri. Mama Nekesa, mimi ni muuguzi hapa Kisumu, wodi ya watu wazima. Siwezi kukutibu kwa simu, lakini naweza kukupa maneno ya kumwambia daktari, maana unavyoyaeleza ukifika kule ndiko kunakoamua unapimwa nini.

Usiseme "nina homa na kikohozi". Ukisema hivyo Nyanza na Magharibi umeshapewa dawa ya malaria kabla hujaketi. Sema hivi: "Nafanya kazi kwenye chumba cha uyoga kilichofungwa. Saa nne hadi nane baada ya kuvuna naanza kutetemeka na kukohoa. Nikikaa mbali siku chache napona. Nikirudi inarudi." Hayo ya matanga ya Butere ndiyo kipimo bora kuliko vyote ulivyolipia.

Kinachofanana na hayo ni mapafu kukataa vumbi la vijimbegu. Si maambukizi, hakuna kilichoota ndani yako. Mwili unapigana na vumbi lenyewe, na vita hiyo ndiyo homa. Ndiyo maana antibiotiki hazisaidii. Uyoga wa oista ni maarufu kwa hili kwa sababu unamwaga vijimbegu vingi sana, na wafanyakazi wa uyoga wamekuwa wakiugua hivyo nchi nyingi. Na usisahau makapi. Vumbi la makapi ya miwa yaliyolala yakaota ukungu lina ugonjwa wake wa mapafu wa namna hiyo hiyo, jina lake katika vitabu vya udaktari limetokana na neno bagasi, yaani makapi ya miwa. Novemba huenda ulikuwa uyoga, Januari ukajiongezea makapi. Daktari atasikiliza kifua, atataka picha, na akiona inafaa atakupa dawa ya kutuliza mwili kwa muda. Ila dawa kubwa ni kuacha kuvuta hilo vumbi. Ukiendelea miaka na miaka mapafu yanaweka makovu, na makovu hayarudi nyuma. Kwa hiyo usiingie tena mpaka uonwe. Mtu mwingine avune.

Ukikubaliwa kurudi: barakoa zile za kitambaa za wakati wa korona hazitoshi, tafuta zile ngumu zinazobana uso vizuri, zenye alama N95. Vuna mapema, kingo za kofia zikiwa bado zimejikunja kwenda chini, kabla hazijanyooka na kuanza kumwaga. Na kuna mbegu za oista zilizozalishwa zisitoe vijimbegu kabisa, uliza kwa wauzaji.

Watu wakikuambia kuvu imeota mapafuni, waambie kuvu zinazoua nazijua kwa sura. Kuna moja inayokaa kwenye udongo na mavi ya njiwa, inaingia kwa pumzi, na mtu ambaye kinga yake imeshushwa sana na ukimwi inampanda mpaka kwenye utando wa ubongo. Anakuja na kichwa kinachouma wiki mbili, shingo ngumu, anakimbia mwanga. Zamani tulikuwa tunamtundikia dripu ya dawa kila siku, wiki moja hadi mbili, figo zikilia. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza dozi moja kubwa ya ile dawa iliyofungwa kwenye mafuta, siku ya kwanza tu, kisha vidonge vya aina mbili siku 14. Majaribio yalifanywa nchi tano za Afrika, majirani zetu Uganda wakiwemo. Siku ya kwanza niliyomtoa mtu dripu baada ya dozi moja, nilirudi mara tatu kuangalia kama nimesoma vibaya. Nakuambia haya ili ujue tofauti, dada. Chako si hicho. Lakini nacho usikichezee.


Mwana_wa_Isukha amejibu:

Senje, mimi niko Shinyalu, msitu wa Kakamega unaanzia nyuma ya choo chetu. Silimi uyoga, naokota. Sina la kuongeza kwenye pipa wala kwenye mapafu, lakini hilo la kijani limenikumbusha ujinga wangu na ningependa Shosho anisikie.

Obwoba, ule mkubwa wa kwenye kichuguu, haulimiki. Mvua za Aprili zikitulia kidogo unaupata asubuhi, umesukuma udongo kwa kile kichwa chake chenye ncha. Bibi yangu alinifundisha kuuchimba, sio kuung'oa, kwa sababu alama yake ni mzizi: mrefu, unashuka chini unaweza kutia mkono mpaka kiwiko na haujaisha. Usipokuwa na mzizi huo si wenyewe, hata ukifanana vipi. Kuna mwingine mweupe wa kwenye nyasi, kofia pana, chini yake ukikomaa una kijani kijani, huo utatapika mpaka umwite mama.

Mwaka mmoja nikasema, nitafuata mzizi. Nikachimba. Chini kabisa, mahali penye joto kama chini ya kuku anayelalia, nikakuta vitu kama sifongo au ubongo wa mbuzi, rangi ya kahawia, vina tundutundu, na ndani ya tundu vijipunje vyeupe vidogo kama semolina. Ndilo shamba la mchwa. Mchwa wanatafuna kuni na majani makavu, wanayatoa na kuyajenga hivyo, kuvu inayalainisha, nao wanakula. Mzee mmoja wa utafiti aliyekuwa akipita msituni kwetu aliniambia wamelima hivyo karibu miaka milioni 30. Basi nikabeba sifongo mbili kwenye karai, nikaziweka kwenye chumba chenye giza, nikazinyunyizia maji, nikijua nimeshakuwa tajiri. Kwa wiki moja zilichipua! Vijiti virefu, vyembamba, vyeusi chini na vyeupe kwenye ncha. Nikaita watu. Bibi akaja, akatazama, akasema, "Hayo ni ya kichuguu kilichokufa."

Nilikuja kujua baadaye kwamba ni kuvu nyingine kabisa, imo ndani ya kichuguu siku zote, lakini mchwa wanaizuia usiku kucha kwa kusafisha. Ukiwaondoa, ndiyo inayorithi. Kwa hiyo senje, wewe na mimi tumefukuzwa shamba na jirani yule yule, majina tu ndiyo tofauti.

Ile 9 ikikomaa, pika hivi. Usiuloweshe, ufute tu na uuchane kwa mikono kufuata mistari. Sufuria kavu kwanza, ujitoe maji yake yaishe. Kisha kitunguu, na njugu zilizokaangwa zikasagwa, maji kidogo, moto mdogo. Bibi alitia musherekha, ile chumvi ya majivu, badala ya chumvi ya dukani. Obwoba wa kweli huwa na ladha ya nyama ya kuku wa kienyeji, wa oista ni mpole, kwa hiyo usiuharakishe. Na ugali uwe wa mtama.


ShoshoWaNjoro amejibu:

Mwana wa Isukha, nimekusikia. Nimefanya kazi na watu wenye shahada tatu ambao wangeziita hizo sifongo jina refu na wasingejua zina joto.


MamaNekesa (Mumias) amejibu:

Ni wiki mbili sasa, nimeona nirudi niwape habari.

Karatasi nyeusi sikuwa nayo, lakini fundi hakosi kitambaa. Nilichukua kipande cha bitana nyeusi ya suti, nikakata kofia moja pana, nikaifunika na bakuli la supu. Asubuhi nilipofunua nilidhani mtu amepitisha chaki ya kukatia nguo: mistari myembamba, myeupe yenye kijivu kidogo, imetoka katikati kwenda pembeni, yote imenyooka, hakuna fundi anayeweza kushona hivyo. Nikaipuliza kidogo tu kama mtu anayepoza chai. Ikapanda hewani kama moshi. Nikaenda kuangalia zile fito za simba kwa tochi ya simu. Juu ya kila fito kuna huo unga. Juu ya utando wa buibui. Juu ya mshipi wa kijana wangu wa shule uliokuwa umening'inia ukutani tangu amalize. Miezi mitano nimekuwa nikiufagia kwa ufagio mkavu nikidhani ni vumbi la mabati!

Nilikwenda kwa daktari mwingine Kakamega, nikasema maneno ya dada muuguzi moja baada ya jingine, nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi ya vipimo vya nguo. Akaweka kalamu chini. Akaniuliza dirisha liko wapi. Nimepigwa picha, nimepewa vidonge vya siku kadhaa, narudi mwezi ujao. Usiku nalala.

Mifuko 31 imezikwa nyuma ya mgomba, mzee ndiye aliyebeba, kajifunga leso yangu usoni kama jambazi. Gunia la mahindi lilikuwemo, Shosho, tena mawili. Moja lilikuwa na ukungu upande wa ukutani, sikumpa hata kuku. Kuta tumepaka chokaa, dirisha limetobolewa la pili upande wa pili, na mtoto wa jirani ndiye atakayekuwa akivuna, kofia zikiwa bado zimejikunja. Mbegu ya safari ile nilikuwa bado na chupa moja: ina maji ya njano chini. Nimempelekea mwenyewe picha. Mpaka sasa ameisoma, hajajibu.

Ile 9 ilitoa kilo nne na nusu. Nimepika ya njugu. Mama mkwe amekula sahani mbili, akasema jicho limeondoka.

Swali langu sasa ni moja: nani ana mabua ya ngano ambayo hayajanyeshewa?


ShoshoWaNjoro amejibu:

Ninayo marobota 12 chini ya paa. Usafiri ni wako, na ukija njoo na hiyo bitana niione.